KONA YA WALIMU: Sumu ya Usiku Haichagui Mdomo

 

Mwezi huu tulitaka kuongea juu ya madaftari na watoto wanaochelewa asubuhi. Hayo yatangoja. Katika juma moja mbwa watatu wa familia tatu wamekufa hapa kwetu. Hawakuugua, wala hawakugongwa na boda. Walikutwa alfajiri, povu mdomoni, miguu imekakamaa, na karibu na mmoja wao kulikuwa na kipande cha nyama ndani ya kaveera. Nyama, wazazi! Nani kati yetu ana nyama ya kutupa usiku? Aliyeitoa alijua anachofanya.

Hatuandiki ili kumtaja mtu. Hatumjui, na gazeti la familia si mahakama. Tunaandika kwa sababu watoto wa familia hizo ni wanafunzi wetu, tena kwa sababu tumesikia maneno mawili pale bombani, na yote mawili yanatutia hofu. La kwanza ni hili: "Aa, ni mbwa tu." La pili: "Ngoja, na sisi tutawaonyesha."

NI MBWA TU?

Wanaosema "ni mbwa tu" huongeza kwamba huko Beni na Ituri watu wanakufa, sasa ninyi mnalilia mbwa? Swali hilo ni zito, tusilikimbie. Hakuna aliyesema mbwa ni sawa na mtu. Lakini tuangalie mbwa alikuwa anafanya kazi gani katika nyumba zile.

Wengi wetu tumetoka upande wa Beni. Tangu mwaka 2014 vijiji vya huko vimekuwa vikivamiwa usiku, na watu wameuawa ndani ya nyumba zao. Mtu aliyepita katika mambo hayo halali kama watu wengine. Upepo ukipiga turubai, yeye ameshakaa kitandani. Mama mmoja wa zile familia tatu alituambia hivi: "Miye nilikuwa nalala juu ile imbwa ilikuwa inalala ku mulango. Ikinyamaza, najua hakuna kitu. Sasa ni nani ataniambia kama hakuna kitu?"

Tangu siku ile mama huyo anakaa macho mpaka jogoo awike, halafu anakwenda kulima na usingizi wake. Je, huyo amepoteza mbwa tu? Sisi tunasema ameibiwa usingizi. Na kwa mtu aliyekimbia vita, usingizi ni dawa ambayo haigawiwi kwenye foleni yoyote.

Mbwa mwingine kati ya hao watatu aliitwa Waseme. Mnajua kwetu jina la mbwa mara nyingi ni barua kwa jirani. Familia ile ilipomchukua akiwa mdogo, watu walisema mtu anayepanga foleni ya posho hana haki ya kufuga mbwa. Basi wakamwita Waseme. Kila asubuhi watoto walipaza sauti, "Waseme! Waseme!", na mstari mzima wa nyumba ulikuwa unacheka, hata wale waliosema. Alifukuza nyani kwenye mahindi ya majirani wanne bila kulipwa kitu. Sasa asubuhi mstari ule uko kimya.

Na neno lenyewe, wasomaji, si geni kwa yeyote kati yetu. Kwa Kinande na Lukonzo ni embwa, kwa Kinyarwanda ni imbwa, kwa Kilingala na Kiswahili ni mbwa. Tumegawanyika kwa mambo mengi, lakini huyu tumemwita jina moja tangu mababu.

MTOTO ALIYEFIWA NA MBWA WAKE

Mmoja wa wanafunzi wetu alimwacha mbwa wake wa kwanza Kongo. Siku ya kukimbia, mbwa aliwafuata mpaka barabarani, lakini gari lilikuwa limejaa watu na magodoro. Alimwona akikimbia nyuma ya gari mpaka vumbi likamfunika. Huyu aliyekufa juma lile alikuwa wa pili.

Mtoto huyo hakutuuliza kwa nini mbwa amekufa. Alituuliza: "Mwalimu, kama mtu anaweza kumupa mbwa yetu sumu, sisi atatupa lini?" Tangu hapo hataki uji wa kwa jirani. Anakula kwa mama yake tu, na kwanza ananusa.

Wazazi, hapo ndipo penye hatari. Aliyetupa nyama ile alifikiri anaua mnyama mmoja, kumbe amemfundisha mtoto kwamba chakula kinachotoka kwa jirani kinaweza kuwa kifo. Somo hilo sisi walimu tutachukua muda mrefu kulifuta.

Kwa hiyo tunawaomba mfanye haya nyumbani. Msimdanganye mtoto kwamba mbwa amekwenda kutembea na atarudi. Atamngojea, na akijua ukweli hatawaamini tena. Mwambieni kwa maneno machache: amekufa, alikula kitu kibaya, hakuna kosa lako. Mwacheni alie. Msimwambie kwamba mwanaume halii, au kwamba sisi tumezika watu hatukulia. Awepo mbwa anapozikwa, asimame mbali kidogo, amwite jina lake mara ya mwisho akitaka. Msikimbilie kumletea mbwa mwingine siku ya pili kama mtu anayebadilisha jembe. Na zaidi ya yote, msitaje majina ya watu mnaowashuku mbele yake. Mtoto hatunzi siri, anatunza chuki.

Wako watakaosema kumliwaza mtu kwa habari ya mbwa ni mambo ya Wazungu. Twendeni basi Gulu, kaskazini mwa Uganda hii hii, ambako watu walikaa miaka mingi kambini kwa sababu ya vita vya LRA. Huko kuna bwana anayeitwa Francis Okello Oloya. Alipokuwa na miaka 12 bomu lililokuwa limefichika ardhini lilimlipukia akilima, akapoteza macho yake yote mawili. Akiwa shule ya bweni, kwenda chooni usiku ilikuwa taabu, na waliomsindikiza gizani ni mbwa wa pale shuleni. Hakusahau. Alipokua alianzisha mradi unaochukua mbwa waliotupwa mitaani, unawafundisha, kisha unawakabidhi kwa watu walioumizwa moyo na vita ili waishi nao. Watu waliokuwa hawatoki nje, wanaoshtuka usiku, wamepata mwenzao wa kutembea naye. Hao si Wazungu. Ni watu wa kambi kama sisi.

WASIOPENDA MBWA NAO WANA SABABU

Tusiwe wa upande mmoja. Miongoni mwetu kuna watu ambao wakiona mbwa miili yao inasisimka, na wana haki. Wameona vitani mbwa wakienda palipolala wafu. Mwaka 1994 kule Rwanda ilifika hali hiyo mpaka askari wakawapiga mbwa risasi, na baadaye wageni walioingia nchini walishangaa kutosikia mbwa akibweka. Mzee aliyeyaona hayo, usimcheke anapogeuza njia.

Ndugu zetu Waislamu nao wanajilinda na mate ya mbwa kwa ajili ya tohara ya swala. Hilo ni jambo la kuheshimiwa. Mwenye mbwa asimwache aingie kwenye ua wa mtu au karibu na maji ya udhu. Lakini ndugu hao hao ndio waliotusimulia Hadithi ya mtu aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani, akamnywesha kwa kiatu chake, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Na Wakatoliki wanamjua mbwa wa Tobia, ambaye familia yake ilikuwa uhamishoni, na kijana aliposafiri mbwa alifuatana naye njiani. Hakuna dini kati ya dini zetu inayosema mnyama alishwe sumu gizani.

Halafu kuna kuku. Tuseme ukweli: mbwa wengine wanakula vifaranga na mayai, wengine wanawang'ata mbuzi, wengine wanawakimbiza watoto wanaokwenda shule. Kuku mmoja kwa mama mjane ni sabuni na daftari. Akiliwa leo, na kesho, na mwenye mbwa anacheka tu, hasira inaiva. Mwenye mbwa asiyetaka kusikia malalamiko naye anachangia.

Ila malalamiko yana mlango wake, na mlango huo unafunguliwa mchana. Sumu inapita dirishani usiku.

SUMU HAISIMAMI PALE ULIPOITUPA

Watu wa Kasese wana ushahidi wao wenyewe. Mwezi wa nne mwaka 2018, karibu na Hamukungu, kijiji cha wavuvi na wafugaji kilichomo ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, simba 11 walikutwa wamekufa: majike matatu na watoto wanane. Ilishukiwa kuwa ni sumu. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe ana uchungu, tunaelewa. Lakini watoto wanane wa simba walikuwa wamekula ng'ombe wa nani?

Mwezi wa tatu mwaka 2021, upande wa Ishasha wa hifadhi hiyo hiyo, simba sita walikutwa wamekufa na kukatwa vichwa na miguu. Kando yao walilala tai wanane, nao wamekufa. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na tai. Walikula tu kilichokuwa hapo.

Ndivyo sumu inavyotembea. Nyama inamwua mbwa, mbwa anatapika, kuku anadonoa matapishi, mama anamkuta kuku ameanguka, anaona ni hasara kumtupa, anamtia chunguni. Au mtoto wa miaka miwili anaokota kaveera. Au mzoga unatupwa mtoni, na chini huko watu wanateka maji. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Anayetega sumu kambini, ambako nyumba zinagusana na watoto wanacheza kila mahali, ameitega mlangoni kwake.

Nyingi ya sumu hizi ni dawa za wadudu za mashambani, kama ile inayoitwa karbofurani. Zinavuruga mishipa ya fahamu. Mate yanatoka mengi, mboni za macho zinakuwa ndogo sana, mwili unatetemeka, mnyama anaharisha, mwisho pumzi inakatika. Inaweza kuwa ndani ya saa moja au chini ya hapo. Ukiona dalili hizo:

Mwondoe mnyama mahali palipo na chambo, na waondoe watoto na kuku.

Usishike matapishi wala nyama kwa mikono mitupu. Tumia kaveera mbili mikononi, kisha nawa kwa sabuni.

Usimnyweshe maziwa au mafuta kwa nguvu. Mnyama anayetetemeka anapaliwa, na maziwa hayaondoi sumu.

Mwite daktari wa mifugo upesi. Kuna dawa, kwa mfano atropini, inayosaidia kwa sumu za aina hii kama ikiwahi.

Akifa, usimle na usimtupe mtoni. Mzike kwa shimo refu, mbali na maji, na mabaki ya chambo pamoja naye, isipokuwa kama polisi wameomba kuyaona.

Ikiwa ni mtoto aliyegusa au kula, usingoje dalili. Mkimbize kituo cha afya, na kama karatasi au chupa ya dawa imeonekana, nenda nayo.

KUUA MBWA HAKUONDOI KICHAA

Mwingine atasema, "Sisi tunaogopa kichaa cha mbwa." Na aogope! Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna tiba ya kutegemea. Akiumwa mtu, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali kwa sindano, siku hiyo hiyo.

Lakini je, kuua mbwa kunasaidia? Katika kisiwa cha Flores, nchi ya Indonesia, kichaa kiliingia mwaka 1997. Mbwa wengi sana waliuawa kwa amri, hata wale wazima. Kichaa kikabaki. Sababu yake ni rahisi: mbwa aliyechanjwa akiuawa, nafasi yake inachukuliwa na asiyechanjwa, na watu wanaowapenda mbwa wao wanawaficha au wanawahamisha, na ugonjwa unahama nao.

Sasa tazameni Pemba, kisiwa cha Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu na wafugaji wa mbwa si wengi. Huko waliamua kuchanja. Walichanja mwaka baada ya mwaka mpaka ugonjwa ukakatika. Mwaka 2016 ulirudi. Hawakukimbilia sumu, walirudia chanjo, na mwaka 2018 ukamalizwa tena. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa kinakosa njia ya kupita. Kwa hiyo aliyewaua mbwa watatu hakutulinda. Kama walikuwa wamechanjwa, ametuvunjia ukuta.

Ni kweli sheria za Uganda zinaruhusu wenye mamlaka kuua mbwa wanaozurura wakati wa hatari ya kichaa. Hiyo ni kazi ya serikali, si ya mtu na kaveera yake usiku. Na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ipo nchini tangu kabla ya Uhuru wa 1962. Wakimbizi tuko chini ya sheria hizo, nazo zinatulinda pia.

TUKUBALIANE HIVI

Kwa wenye mbwa. Mfunge au mweke uani mchana. Mwachie usiku ndani ya ua wako tu. Mlishe kabla giza halijaingia, kwa sababu mbwa mwenye njaa ndiye anayeokota chambo na ndiye anayekula kuku. Mpeleke chanjo, na kadi uitunze pamoja na kadi za watoto. Kuku wa jirani akiliwa, lipa, hata kama ni kidogo kidogo. Kulipa kuku mmoja ni rahisi kuliko kuzika mbwa.

Kwa wasio na mbwa. Ukisumbuliwa, mwambie mwenyewe kwanza. Asiposikia, nenda kwa kiongozi wa eneo wa RWC. Kama ni jambo na wenyeji wetu wa nje ya kambi, viongozi wapeleke kwa mwenyekiti wa LC 1. Wenyeji wengi hapa ni Bakonzo, na Lukonzo na Kinande ni lugha ndugu; hatuhitaji hata mkalimani.

Kwa wote. Ukimwona mtu anatupa nyama au samaki njiani usiku, usinyamaze kwa sababu huna mbwa. Mtoto unaye.

Kwa wale wanaosema "tutawaonyesha". Kaka zetu, tunawaomba sana. Hamjui ni nani. Mkimchagua mtu kwa uvumi, mtampiga asiye na kosa, na aliyefanya atasimama hapo anawatazama. Sote tunajua vita vya kwetu vilivyoanza: fulani kaua ng'ombe wa fulani, kesho yake nyumba zinaungua. Hatukuvuka mpaka wa Mpondwe ili tuje kuanza upya hapa. Pelekeni habari kwa RWC na polisi, toeni ushahidi mlionao, kisha muwe na subira.

Na kwa wewe uliyefanya, kama unasoma au unasomewa. Inawezekana kuku wako waliliwa na hakuna aliyekusikiliza. Basi hilo tungelisikia. Bado tunaweza kulisikia, kwa kiongozi wa dini yako au kwa mzee yeyote unayemwamini. Sumu iliyobaki ndani ya nyumba yako itoe mikononi mwa familia yako leo, mpe afisa kilimo au daktari wa mifugo akuelekeze. Watoto wako nao wanatafuta chakula gizani taa ikizimika.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, wazazi wote wanakaribishwa darasani kwetu tulizungumze jambo hili, wenye mbwa na wasio na mbwa. Tumewaomba viongozi wa maeneo waje. Tutaandika pia majina ya mbwa wote waliopo ili tuombe chanjo kwa pamoja, maana ombi la watu wengi linasikika zaidi kuliko la mmoja mmoja. Jirani aliye tayari, aje na uji kidogo kwenye thermos, tunywe sote kutoka sufuria moja. Yule mtoto wetu atakuwepo. Tungependa aone.

Mungu awape usingizi mwema.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea, Mubuku.